Siku 10 na wajukuu: kumbukumbu ya ziara ya likizo nyumbani kwa babu na bibi

Kumbukumbu hii inafuata ziara ya siku 10 ya wajukuu watatu waliokuja bila wazazi wao: mmoja wa miaka 2, wa pili wa miaka 6, wa tatu wa miaka 11. Rika hizi zimechaguliwa makusudi, kwa sababu kila moja inaishi kivyake ndani ya nyumba ileile. Kosa linalorudiwa kila likizo ni kuandaa nyumba kwa ajili ya mtoto uliyemwona mara ya mwisho. Aliyekuwa analala tu pale alipowekwa sasa anavuta kiti na kupanda. Aliyekuwa anapenda kubebwa sasa anataka mlango ufungwe.

Siku 3 kabla hawajafika

Anza na dawa. Wenye presha na kisukari huweka vidonge pale mkono unapofika: kwenye meza ya kando ya kitanda, ndani ya mkoba, karibu na birika la maji. Kile kisanduku cha plastiki chenye vyumba 7, kimoja kwa kila siku ya juma, kimetengenezwa kifunguke kirahisi kwa vidole vinavyouma viungo, na kwa sababu hiyohiyo hufunguka kirahisi kwa vidole vya mtoto wa miaka 2. Tena kikitikiswa kinalia kama kayamba, na hapo ndipo mtoto anapokipenda. Kidonge kimoja tu cha baadhi ya dawa za presha, kama verapamili na nifedipini, au cha dawa ya kisukari kama glibenklamidi, kinaweza kumuua mtoto mdogo. Zile za presha huangusha msukumo wa damu. Ile ya kisukari hushusha sukari, na huweza kufanya hivyo saa nyingi baadaye, mtoto akiwa kitandani na kila mtu akidhani amepitiwa na usingizi wa kawaida.

Dawa zote ziingie kwenye boksi lenye kufuli, nalo liwekwe juu. Kuweka juu peke yake hakutoshi, maana kiti kipo. Mkoba wa bibi nao upelekwe chumbani na mlango ufungwe. Mikoba ya wageni vilevile. Mezeni dawa zenu watoto wasipoona, na msiviite vidonge pipi hata siku moja. Kisha fanyeni kazi ambayo wengi huiacha: sogezeni kitanda, washeni tochi, ilazeni sakafuni ili mwanga upite chini kwa chini. Kidonge cheupe kilichodondoka miezi miwili iliyopita kitatoa kivuli kirefu hata kama kimefunikwa na vumbi. Pitisheni mwanga huo chini ya makochi pia.

Mkiwa bado mmepiga magoti, tambaeni chumba hadi chumba, macho yakiwa kwenye urefu wa macho ya mtoto. Chochote kinachopita ndani ya lile bomba tupu la katikati ya karatasi ya chooni kinaweza kumpalia mtoto wa miaka 2. Betri ndogo bapa za mviringo, zile zinazofanana na kitufe, zina hatari ya peke yake: ikikwama kwenye umio huanza kuunguza nyama, na ndani ya saa 2 madhara yanaweza kuwa ya kudumu. Kagueni rimoti, mizani ya jikoni, saa na vifaa vya kusaidia kusikia. Kifuniko kisicho na skrubu kizungushiwe utepe wa gundi. Kamba za mapazia zifungwe juu. Televisheni na kabati la nguo vifungwe ukutani, kwa sababu droo zilizo wazi mtoto huziona ngazi, na uzito wake hulivuta kabati zima limwangukie. Kama nyumba ina ngazi, kizuizi cha juu kiwe kile cha kukazwa kwa skrubu. Kile cha kubana tu kwa presha kinafaa chini, kwa sababu juu kikisukumwa kinaanguka pamoja na mtoto.

Waombeni wazazi barua fupi yenye saini inayowaruhusu kumpeleka mtoto hospitali, nakala za kadi za chanjo na bima, namba za simu mbili, na orodha ya mzio. Kama watoto wanavuka mpaka wa nchi, ulizeni mapema kuhusu barua ya idhini ya wazazi wote wawili. Mipaka mingine huidai.

Siku ya 1: kupokea

Mzazi anayeleta watoto na kugeuza gari papo hapo anawaachia mzigo mbaya. Mwombeni akae walau saa 3. Katika saa hizo mtoto wa miaka 2 anawaona babu na bibi wakiwa na mama yake, naye anasoma usoni mwa mama kwamba hapa ni salama. Ndani ya saa hizohizo ulizeni maswali yenye majibu kamili. Swali la "analala vizuri?" halisaidii. Ulizeni: anasema neno gani akitaka choo? Anaogopa nini usiku? Ana uzito wa kilo ngapi leo? Mlo wa mwisho unakuwa saa ngapi? Andikeni majibu kwenye karatasi moja na kuibandika jikoni.

Kuaga kuwe kwa wazi na kufupi. Mzazi akitoroka mtoto akiwa anacheza, kilio cha jioni huwa kikubwa zaidi, na kesho yake mtoto hataki kumwachia bibi hata aende kujisaidia, kwa kuwa amejifunza kwamba watu hupotea ukiwapa mgongo.

Baadaye wazungusheni nyumba nzima: choo kiko wapi na taa yake inawashwaje, maji ya kunywa yako wapi, mlango upi haufunguliwi. Msimlazimishe yeyote kukumbatia. Wa miaka 11 aonyeshwe mahali pake pa faragha, hata kama ni droo moja tu.

Kitanda cha wa miaka 6 kitandikwe mara mbili. Kwanza mpira wa kuzuia maji juu ya godoro, kisha shuka, kisha mpira wa pili, kisha shuka la pili. Watoto wapatao 15 kati ya 100 bado hukojoa kitandani wakiwa na miaka 5, na ugeni wa nyumba humrudisha hata yule aliyekwisha kuacha. Saa 8 usiku, mtoto amesimama kando ya kitanda akitetemeka, hakuna haja ya kuwasha taa kubwa wala kutafuta shuka kabatini. Shika pembe mbili, vuta shuka la juu pamoja na mpira wake, vikunje kwa ndani, viweke kwenye beseni. Chini yake kuna kitanda kikavu kilichokwisha kutandikwa. Nguo kavu zilikuwa zimewekwa juu ya kiti tangu jioni. Dakika 2, mtoto amelala tena, na wenzake hawajaamka. Asubuhi neno "kikojozi" lisisikike kwa mtu yeyote. Babu ndiye wa kwanza kulikomesha.

Wa miaka 2 alale na shuka lake la nyumbani ambalo halijafuliwa, kwa sababu ile harufu humtuliza kuliko wimbo. Taa ndogo iachwe koridoni usiku kucha. Inawafaa watoto na inawafaa wenye nyumba zaidi, maana gari dogo la kuchezea lililoachwa sakafuni linaweza kuvunja nyonga.

Siku ya 2: ratiba

Nguvu za babu na bibi ndizo zinazobeba ziara hii, nazo hazijai kila asubuhi kama zilivyokuwa miaka 30 iliyopita. Zigawanyeni. Babu ashike alfajiri hadi saa 4, bibi ashike jioni na kulaza, au kinyume chake. Saa 7 hadi saa 8 mchana ni saa ya utulivu kwa kila mtu: wa miaka 2 analala, wa miaka 6 anachora au anasikiliza hadithi akiwa amejilaza, wa miaka 11 anasoma, na mmoja wa wenye nyumba analala usingizi wa kweli huku mwenzake akibaki macho. Saa hii isiuzwe kwa sababu yoyote. Ikivunjwa siku mbili mfululizo, matokeo yake ni ukali wa saa 12 jioni, na watoto hudhani kosa ni lao.

Namna ya kumbeba mtoto nayo ni sehemu ya ratiba. Kunja magoti, mvute mtoto karibu na kifua ndipo usimame. Usimnyanyue mikono ikiwa imenyooka. Kumvisha nguo, keti kitandani yeye asimame mbele yako. Kwenye kiti cha gari, mwache apande mwenyewe kwa kigoda hata kama inachukua dakika 4.

Siku ya 3: siku ngumu

Ugeni umeisha, hamu ya nyumbani imefika. Mara nyingi haisemi jina lake. Huja kama tumbo kuuma wakati wa kulala, kukataa chakula ambacho jana kilisifiwa, au kilio kikubwa juu ya soksi. Usimwambie mtoto "acha kulia, wewe mkubwa." Keti naye na uliseme jambo lenyewe: unamkumbuka mama, ndiyo, na bado siku 7. Mpe kalenda ya karatasi akate kila siku inayopita.

Kuna ahadi moja inayoharibu ziara: "ukishindwa tutakurudisha." Mtoto akishaisikia, hajitahidi tena kuzoea, anasubiri tu kushindwa. Simu kwa wazazi zipigwe mchana baada ya chakula. Simu ya saa 2 usiku hufungua kidonda wakati mtoto hana tena nguvu za kukifunga. Na mzazi aombwe mapema asiseme "nyumba imepooza bila wewe." Aulize tu wamecheza nini.

Hii pia ndiyo siku ya ugomvi kati ya wa miaka 6 na wa miaka 11. Ukichunguza, mara nyingi wanagombania macho ya mtu mzima, kitu chenyewe ni kisingizio. Dawa yake ni dakika 20 kila siku kwa kila mtoto, peke yake na babu au bibi, yeye akichagua cha kufanya. Na vitu vya wa miaka 11 vyenye vipande vidogo vikae kwenye sinia juu ya meza yenye kimo kirefu, ili mdogo asivifikie na mkubwa asilazimike kuwa mlinzi siku nzima.

Siku ya 4: maji

Mtoto wa miaka 2 anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita 5. Ndoo ni mbaya kuliko inavyoonekana: kichwa chake ni kizito kuliko miguu, akiinama na kutumbukia hawezi kujinyanyua, na ndoo yenye maji haianguki. Kila ndoo ikishatumika imwagwe na kugeuzwa kifudifudi. Mlango wa bafu ufungwe kwa komeo la juu.

Kwenye bwawa au ufukweni, mtu mzima mmoja ndiye mlinzi, bila simu wala gazeti, na kwa mdogo awe umbali wa mkono. Zamu ikabidhiwe kwa maneno: "Sasa ni wewe." Watoto wengi hupata ajali watu wazima wakiwa wengi na kila mmoja akidhani mwenzake anaangalia. Anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Kinywa kinashuka na kupanda usawa wa maji, kimya. Mkisikia ukimya, geukeni.

Siku ya 5: jikoni

Watoto wanapenda kupika na bibi, na inafaa wapike. Wa miaka 6 anaosha, anapima kwa kikombe na kuchanganya kwenye meza isiyo karibu na moto. Wa miaka 11 anaweza kukata kwa kisu, vidole vimekunjwa kama makucha. Wa miaka 2 akae kwenye kiti chake nje ya mstari uliochorwa sakafuni mita 1 kutoka kwenye jiko la moto. Mipini ya sufuria igeuzwe ndani. Kikombe cha chai moto kisiwe mkononi mwa mtu aliyepakata mtoto.

Maji ya kuoga: ya baridi yatangulie kwenye beseni, ya moto yafuate, kisha kiwiko kipime. Maji ya nyuzi 60 huunguza vibaya ndani ya sekunde 5 hivi, na ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. Akiungua, maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20 kamili, kwa saa, bila kukisia. Vua nguo zisizoganda kwenye ngozi. Barafu, siagi na dawa ya meno vikae mbali. Funika kwa nailoni safi ya kufungia chakula, na kama palipoungua panazidi kiganja cha mtoto, au ni usoni, mikononi au sehemu za siri, nendeni hospitali.

Zabibu zikatwe kwa urefu, vipande 4. Karanga na jamii yake zisitolewe nzima kwa aliye chini ya miaka 5. Na wote wale wakiwa wameketi.

Siku ya 6: homa

Wengine hupita bila siku hii, ila jiandaeni kama vile itakuja. Joto la nyuzi 38 na zaidi ni homa. Mpimeni kwa kipimajoto, maana mkono wa bibi wenye baridi humwona kila mtoto ana homa.

Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa saa 24. Hapa ndipo kosa kubwa linapotokea. Kuna dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, na nyingine yenye 250 katika mililita 5, chupa zikifanana. Mtoto wa kilo 12 akipewa mililita 7.5 za ile ya kwanza anapata miligramu 180, kipimo sahihi. Akipewa mililita zilezile za ile ya pili anapata 375, zaidi ya maradufu. Someni lebo kwa miwani, pimeni kwa sirinji ya dawa, kijiko cha chai kisitumike. Kisha andikeni kwenye karatasi ya jikoni: jina, saa, kiasi, nani katoa. Bila karatasi hiyo, babu hutoa saa 10 na bibi hutoa saa 11. Aspirini ya babu asipewe mtoto yeyote aliye chini ya miaka 16, kwa kuwa inaweza kuleta ugonjwa adimu unaoshambulia ini na ubongo.

Akiharisha, mpeni maji ya ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini), pakiti ikiyeyushwa kwenye kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, maana kuna za lita 1 na za kiasi kidogo. Kama hakuna pakiti: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, isizidi. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Akitapika, subirini dakika 10, mwendelee kijiko kimoja kila dakika 2 au 3. Mchanganyiko ukipita saa 24 umwagwe. Macho yaliyozama, mkojo kukauka, damu kwenye choo au kulegea kupita kawaida: hospitali, bila kusubiri wazazi wapokee simu.

Siku ya 7

Mapumziko. Hakuna kutoka. Nguo zinafuliwa, watoto wanajenga nyumba ya mashuka chini ya meza.

Siku ya 8: wa miaka 11

Huyu husahaulika kwa sababu hasumbui. Mpeni kazi ya kweli, kitu ambacho mikono yenu inakijua. Mfano kifungo cha shati. Uzi wa sentimita 50, pitisha, funga fundo. Choma kutoka chini, weka kijiti cha kiberiti juu ya kifungo, kati ya matundu, ili uzi upite juu yake. Pitisha mara 5 au 6. Chomoa kijiti, inua kifungo, zungusha uzi mara 3 chini yake, choma upande wa nyuma, funga. Bila kijiti kifungo hubana mno, shati halifungiki, na mtoto hudhani hana mikono ya kazi, kumbe alikosa nafasi ya unene wa kitambaa tu.

Jioni toeni picha za zamani. Yeye aandike majina nyuma kwa penseli laini. Wino wa kalamu hupenya au kuchafua picha ya chini yake. Akitaka kurusha picha za wadogo zake mtandaoni, wazazi waulizwe kwanza, na babu na bibi wafuate sharti hilohilo.

Kuhusu sheria za nyumbani kwao: mambo ya usalama na mzio, neno la wazazi ndilo la mwisho. Mambo ya mazoea, kama saa ya kuoga au nani anaondoa vyombo, "kwa bibi tunafanya hivi" inatosha, na watoto hubadilika bila shida. Ila msimwambie mtoto "usimwambie mama," hata kwa pipi moja. Mtoto aliyezoea kutunza siri za mtu mzima anayempenda atatunza na siri ya mtu mzima anayemdhuru.

Siku ya 9: kufungasha

Kila mtoto afungashe mwenyewe kwa orodha iliyokuja na begi lake. Nguo mbichi ziwe kwenye mfuko wa peke yake. Karatasi ya dawa ipigwe picha itumwe kwa wazazi, pamoja na michubuko yote na namna ilivyopatikana. Wa miaka 6 anaweza kuwa mkorofi leo, kuachana kunapokaribia. Mpeni kazi ya kubeba.

Siku ya 10: kuondoka

Kabla gari halijasogea uani, watoto wahesabiwe kwa kuguswa kichwa, na dereva asirudi nyuma mpaka mdogo awe amefungwa kwenye kiti chake. Kuaga kufupi, kama siku ya kwanza.

Boksi la dawa lisifunguliwe bado. Kwanza chungulieni chini ya vitanda, kisha vueni foronya moja baada ya nyingine na kuzikung'uta. Mwanasesere wa kulalia wa yule wa miaka 2 mara nyingi yumo ndani ya foronya, amejikunja pembeni. Kama bado hawajafika mbali, wapigieni sasa hivi warudi wamchukue.